Ukisainiwa, Nabaki

Stambuli alikuwa fundi wa vitanda. Si vitanda vya mbao vya kupiga randa na msasa. Ni vile vya hospitali, vyenye mota mbili uvunguni, moja ya kuinua kichwa na nyingine ya kuinua miguu, na rimoti inayoning'inia ubavuni ambayo mgonjwa huishika kama amekabidhiwa usukani. Karakana yake ilikuwa Penrith, magharibi mwa Sydney, nyuma ya ghala la vifaa, na yeye akikaa Toongabbie. Kwa hiyo kila asubuhi alipanda treni ya kwenda kinyume na watu. Wenzake walielekea mjini wamesimama. Yeye alielekea magharibi, ameketi peke yake kwenye kiti cha watu watatu, simu sikioni, akisikiliza habari za dunia kwa Kiswahili.

Habari ndizo zilizokuwa starehe yake. Alikuwa na miaka sitini na miwili, havuti, hanywi, na mpira aliuacha Tanga pamoja na redio yake ya mkulima. Mtu akimwuliza hali yake, alijibu kwa hali ya ulimwengu.

"Umeamkaje, Mzee Stambuli?"

"Salama, lakini Sudani hali si nzuri."

Watu walimzoea. Waliomcheka walimcheka kwa mapenzi, na wengine walimngojea awape muhtasari ili wasihangaike kusoma wenyewe.

Kwa mwanawe alikuwa hivyo hivyo. Muna alikuwa na miaka tisa baba yake alipoondoka Tanga. Karatasi za Stambuli zilichukua miaka mingi kukamilika, zikapotea, zikaanza upya, na siku ofisi ya uhamiaji ilipomwandikia kwamba sasa anaweza kuleta mtoto, Muna alikuwa ameshavuka umri wa kuitwa mtoto. Stambuli alirudi nyumbani mara mbili tu: mara moja Muna alipohitimu uuguzi, na mara ya pili kwenye msiba wa mama yake Muna, ambako alifika siku tatu baada ya maziko. Sasa Muna alikuwa na miaka thelathini na mmoja, muuguzi katika hospitali moja ya Doha, na kila Ijumaa walizungumza kwa simu. Baba alimwuliza habari za Ghuba. Binti alimpa. Halafu walikata.

Mwezi wa Machi, Muna alimwambia kwamba amepata visa ya Australia. Aliiomba mwenyewe kwa vyeti vyake vya kazi, wala hakumwambia baba yake mpaka ilipotoka. Visa ile ilikuwa na sharti moja: awe ameshaingia nchini kabla ya Machi ya mwaka unaofuata. Asipoingia, imekufa.

"Alhamdulillahi," Stambuli alisema. Kisha akauliza kama joto la huko limeshaanza.

Hakusema njoo. Neno lenyewe alikuwa nalo, lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini aliona kwamba mtu aliyemwacha mtoto wa miaka tisa hana haki ya kumwita akishakuwa mtu mzima. Akitaka kuja, atakuja. Yeye atamtayarishia mahali pa kulala.

Akatayarisha. Karakana ilikuwa ikitupa vitanda vilivyopitwa na wakati, akaomba ruhusa ya kimoja, msimamizi akampa. Alikileta nyumbani vipande vipande, akakiunga katika chumba cha pili, chumba alichokuwa akiwekea masanduku na pasi. Mota ya kichwa ilikuwa nzima. Mota ya miguu ilikuwa ikiguna, akaifungua, akaisafisha, akabadilisha gamba la plastiki lililovunjika. Jumamosi nne zilikwisha hivyo. Kitanda kikawa kinapanda na kushuka kimya kimya, na yeye akasimama mlangoni na rimoti mkononi akikipandisha na kukishusha, bila mtu juu yake.

Ikaja Mei, na habari zikawa moja tu. Marekani na Iran walikuwa wakizungumza tena juu ya nyuklia, duru baada ya duru, na kila duru ikiisha wasemaji walisema kuna maendeleo bila kusema ni yapi. Stambuli alifuatilia kila kikao. Ramani ya Ghuba aliijua kwa moyo: kambi za kijeshi ziko wapi, mlango wa bahari una upana gani, na kutoka ufuko wa Iran mpaka Doha ni mbali kiasi gani. Si mbali.

Jumanne moja, akiwa kwenye treni, alimwandikia Muna: "Hali ya huko? Huku habari ni vita na mkataba tu."

Jibu lilimfikia alipokuwa akishuka Penrith. "Shikamoo baba. Mimi mzima. Na sisi tunangojea mkataba. Ukisainiwa nabaki huku miaka miwili mingine. Usiposainiwa nakuja kwako. Wewe waonaje?"

Alilisoma amesimama jukwaani, watu wakimpita. Aliona umbo la jambo lote kwa mara moja. Wakubwa wakiafikiana, Ghuba itatulia, Muna atabaki, visa itakufa. Wasipoafikiana, Muna atakuja. Hiyo miaka miwili ilimtatiza kidogo, lakini alikumbuka mchambuzi mmoja redioni aliyetaja kipindi cha majaribio, akaona ndiyo hiyo.

Siku ile nzima karakanani alifanya kazi bila kuwasha habari. Aliandika, "Mimi naona usisainiwe," akaifuta. Alifikiria watu walioko upande huu wa maji na upande ule, madereva, wafagiaji, wasichana wa kazi za ndani, na watu wa Iran wenyewe na watoto wao, wote hao wapigwe mabomu ili yeye apate mtu wa kunywa naye chai Toongabbie. Hakuna mtu mwenye akili angeomba hivyo. Saa ya chakula aliandika: "Mimi naomba usainiwe. Ndiyo heri kwa watu wote."

Jibu la Muna lilifika usiku. Aliandika: "Sawa baba."

Ijumaa ile na iliyofuata walizungumza kama kawaida, labda kwa ufupi zaidi.

Sasa, Waswahili wa upande ule wa Sydney walikuwa na kikundi chao kilichokutana kila mwezi katika ukumbi ulio karibu na stesheni ya Toongabbie. Nasema Waswahili, lakini walikuwa mchanganyiko: Wakenya wa bara, Watanzania wachache wa pwani, Wakongo, Warundi, wote wakikutana kwenye Kiswahili kwa sababu hawakuwa na pengine pa kukutania. Mwenyekiti alikuwa Waceke, muuguzi wa nyumba ya wazee, mwanamke mwenye sauti ya kupanga foleni. Yeye ndiye aliyeanzisha midahalo. Alisema watoto wao wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na kwamba labda wakisikia watu wazima wakigombana kwa Kiswahili kwa adabu, watatamani kugombana nao.

Mada ya Mei ilikuwa imepigiwa kura kwenye kundi la simu: "Ni bora kufanya mkataba wa nyuklia na adui kuliko kutofanya." Wasemaji walikuwa wawili, Stambuli na Owuor, mwalimu wa hesabu kutoka Kisumu ambaye angeweza kubishana na mlango. Upande wa kila mmoja uliamuliwa kwa vikaratasi ndani ya kofia. Owuor alitoa "Kupinga". Kilichobaki kilikuwa cha Stambuli: "Kuunga mkono".

Alikikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Mzee, umepata rahisi," Owuor alimwambia. "Nani atapinga amani?"

"Tutaona," Stambuli alisema.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, ukumbi ulikuwa na watu kama ishirini na saba, birika mbili za chai, na sinia la mahamri. Wilondja, Mkongo wa makamo aliyekuja kwa treni mbili kutoka Macquarie Fields, alikuwa mtunza saa. Kengele yake ilikuwa mfuniko wa sufuria na kijiko. Waceke aliisoma mada kwa sauti. Kabla hajaketi, Wilondja aliinua kijiko.

"Madam Mwenyekiti, ulizo. Adui wa nani?"

"Vipi adui wa nani?"

"Mada inasema adui. Mimi sina ugomvi na Iran. Iran haijanifanya kitu. Sasa ni adui wa nani hapa ndani?"

Watu walicheka. Waceke alifikiri, kisha akaamua kwamba kwa ajili ya mdahalo, adui ni yule ambaye mwenzake kwenye meza anamwita adui, na kwamba mtunza saa hana haki ya kuuliza maswali.

"Basi ni adui wa kukopa," Wilondja alisema, akagonga mfuniko. "Papa Owuor, dakika kumi."

Owuor alisimama bila karatasi. Alivaa suti, kwa kuwa aliamini kwamba hoja bila suti ni maoni.

"Bi Mwenyekiti, ndugu zangu. Mkataba ni nini? Ni mlango wenye kufuli. Sasa kama ufunguo umeachwa ndani na nje, hiyo ni kufuli ama ni pambo? Mwaka 2015 waliandika mkataba, kurasa tele. Mwaka 2018 Marekani wakatoka. Wakaguzi wenyewe wanasema Iran inafuata masharti, lakini mwenzake anatoka! Na Iran naye baadaye akasema, kumbe mchezo uko hivi? Akapandisha kurutubisha kutoka asilimia tatu na nukta hadi sitini. Sasa niambieni, ule mkataba ulitupa nini? Ulitupa usingizi. Na mtu aliyelala ndiye anayeibiwa."

"Alama kumi na tano kwa Owuor!" mtu alisema nyuma.

"Sijamaliza. Na majirani je? Jirani akiona mwenzake ameruhusiwa kurutubisha kidogo, naye atataka kidogo. Kesho Ghuba nzima ina kidogo kidogo. Kidogo mara sita ni ngapi? Mimi ni mwalimu wa hesabu, msinidanganye."

Wilondja aligonga mfuniko, ingawa dakika zilikuwa zimebaki nne.

"Pardon, Papa Owuor. Hii neno kurutubisha. Kwetu kurutubisha ni kutia mbolea shambani. Hii urani, hii madini yao ya nyuklia, wanaipanda?"

Owuor alifungua mdomo, akaufunga. Hesabu aliijua, lakini jambo hili hakuwahi kulieleza kwa Kiswahili. Alimgeukia mpinzani wake. "Mzee, wewe si ulifanya kazi kiwanda cha mbolea Tanga? Msaidie."

"Natumia dakika zake au zangu?" Stambuli aliuliza.

"Zake," Waceke alisema.

Stambuli alisimama. Mbele ya watu alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini ufundi ulimpa ujasiri. "Nazi mnaijua. Ukishakuna nazi, ukaikamua kwa maji mengi, unapata tui. Tui jepesi, la kuchemshia wali. Ndani yake mafuta yamo, lakini kidogo. Sasa ukikaa ukachuja na kuchuja, ukaondoa maji, unabaki na tui zito. Urani iko vivyo hivyo. Ndani yake kuna chembe zinazowaka, chache sana. Ukiziongeza mpaka tatu katika mia, umeme unapata. Ukifika tisini, lile ni bomu. Kurutubisha ni kulifanya tui liwe zito."

"Sasa Mzee anatupikia," Owuor alisema, na ukumbi ukacheka, lakini Wilondja hakucheka.

"Nimeelewa," alisema. "Maana urani ya lile bomu la kwanza ilitoka kwetu, Katanga. Nazi ilikuwa ya kwetu. Lakini hakuna mtu alikuja kusaini na sisi."

Waceke alisema mtunza saa arudi kwenye saa.

Zamu ya Stambuli ilipofika, alitoa karatasi tatu alizoandika kwa mkono. Alisoma zaidi kuliko alivyosema. Alieleza kwamba mkataba wenye kasoro una wakaguzi, na kutokuwa na mkataba hakuna wakaguzi. Na kwamba mtu hawezi kuhesabu mitambo ya jirani kwa kuchungulia juu ya ukuta. Alieleza mlango wa bahari: meli zikisita pale wiki mbili, mafuta ya taa yatapanda Tanga na Mombasa kabla hayajapanda Sydney. Alieleza Ghuba ina watu wangapi wa kwetu, wanaosukuma viti vya magurudumu na kulea watoto wasio wao, na kwamba anga likifungwa hao hawana ndege ya serikali ya kuja kuwachukua. Zilikuwa hoja nzuri, na alizisoma kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Watu wa nyuma walianza kuangalia mahamri.

"Papa, unabakia na dakika mbili," Wilondja alisema.

Stambuli aliiweka karatasi ya tatu chini. Hakuwa amepanga kufanya alichofanya. Alitoa simu.

"Mimi nina binti Doha," alisema. "Anaitwa Muna. Ana visa ya kuja hapa, na ikifika Machi hajaja, visa hiyo imekufa. Huu hapa ujumbe wake." Akasoma neno kwa neno. "Tunangojea mkataba. Ukisainiwa nabaki huku miaka miwili mingine. Usiposainiwa nakuja kwako." Akaishusha miwani. "Kwa hiyo mimi mkataba huu ukifa, ninapata mtoto. Ukiishi, simpati. Humu ndani hakuna mtu mwenye sababu ya kuupinga kama mimi. Na mimi nilimjibu kwamba naomba usainiwe, kwa sababu sikuona vipi mtu aombe vinginevyo. Basi. Kama mimi naweza kuunga mkono, na nyinyi mnaweza."

Aliketi. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, na ndani ya makofi hayo Waceke alikuwa ameinua mkono kama anayesimamisha gari.

"Ngoja. Mzee, ngoja. Soma tena."

"Lipi?"

"Huo ujumbe. Polepole."

Akasoma tena. Waceke alikuwa amefanya kazi Riyadh miaka minne kabla ya kuja Sydney, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Miaka miwili," alisema. "Mzee wangu, ni nchi gani zinasaini amani ya miaka miwili?"

"Kipindi cha majaribio," Stambuli alisema, na alipokuwa akilisema alisikia jinsi lilivyo jepesi.

"Hiyo ni kontrakti yake ya kazi! Huko wanatupatia miaka miwili, inaisha, mnangoja kama wata-renew. Kila mtu wodini anasema hivyo hivyo: tunangoja kontrakti. Nyinyi watu wa Tanzania mnasema mkataba kwa kila kitu, wa nyumba mkataba, wa mpira mkataba, wa nyuklia mkataba. Mtoto alikuuliza kama asaini kazi!"

Kicheko kilichopasuka hakikuwa cha ubaya. Hata Stambuli angecheka, kama jambo hilo lingekuwa limempata mtu mwingine. Owuor alikuwa ameshika tumbo. "Mzee! Umempeleka mtoto Umoja wa Mataifa!" Lakini Waceke hakucheka, na Stambuli alimwangalia Waceke, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

"Na wewe ulimjibu nini?" Waceke aliuliza kwa sauti ya chini.

Stambuli alikuwa ameshawaambia. Naomba usainiwe. Ndiyo heri kwa watu wote.

Alichukua koti lake na kutoka. Nyuma yake alisikia Waceke akisema kura zitapigwa hivyo hivyo, na kijiko kikigonga mfuniko.

Nje, maegesho yalikuwa na jua la baridi, lile jua la Mei linaloangaza bila kupasha. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Doha ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, siku ya mapumziko. Hakuwa na desturi ya kumpigia siku isiyo Ijumaa. Muna aliipokea kabla haijaita mara mbili.

"Baba? Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo. Umenitisha."

"Marahaba. Muna, ule mkataba. Ulikuwa mkataba wa kazi?"

"Mkataba upi?"

"Uliouandika. Ukisainiwa nabaki."

"Ndiyo, wa kazi. Kwani kuna mwingine?"

Gari moja lilirudi nyuma taratibu, akasogea lipite. "Mimi nilidhani wa nyuklia."

"Wa nini?"

"Wa Iran na Marekani. Nilikuuliza habari za mkataba, ukanijibu mkataba. Nikajua ni huo."

Upande wa pili akamsikia anacheka, kicheko kirefu cha kukosa pumzi, cha mama yake hasa. Kikakatika katikati.

"Baba. Mimi nakuuliza maisha yangu, wewe unanijibu Iran?"

Stambuli aliihamishia simu sikio la pili.

"Nilikuuliza waonaje," Muna alisema. "Ukaniambia unaomba usainiwe. Heri kwa watu wote. Nikakaa nikauliza, watu wote ni akina nani? Nikasema labda baba ana mke huko, hataki kuniambia. Labda nyumba ndogo. Nikasema basi, mtu asiyetakiwa haendi."

"Sina mke."

"Sasa najua."

"Umesaini?"

"Alhamisi."

Stambuli aliegemea ukuta wa ukumbi. Ndani watu walikuwa wakihesabu kwa sauti, kumi na mbili, kumi na tatu. Alijikuta akisikia hoja ya Owuor, ile ya mlango wenye ufunguo ndani na nje, ambayo saa nzima alikuwa ameipinga kwa karatasi tatu.

"Una kifungu cha kujitoa?" aliuliza.

"Nini?"

"Mkataba wako. Mtu akitaka kutoka, anatokaje?"

"Notisi miezi mitatu. Kwa nini?"

Alihesabu kwa vidole, kwa mkono usioshika simu. Juni, Julai, Agosti. Septemba mwanzoni angekuwa huru, na visa ilikuwa hai mpaka Machi. "Inatosha," alisema.

"Inatosha kufanya nini, baba? Sema."

Kama kawaida yake, alitafuta njia ya kupitia mbali. Angeweza kusema kwamba duru ijayo ya mazungumzo haina uhakika, kwamba wachambuzi wana wasiwasi, kwamba mtu mwenye busara angeondoka Ghuba mapema. Yote yalikuwa kweli. Alijua pia kwamba akiyasema, Muna atamjibu, "Sawa baba."

"Jitoe," alisema.

"Sijasikia."

"Jitoe kwenye mkataba. Njoo ukae na mimi. Nilitaka kukwambia tangu Machi."



"Na umetoka wapi sasa hivi?" Muna aliuliza. "Nasikia watu."

"Kwenye mdahalo. Nilikuwa nautetea mkataba."

"Umeutetea mbele ya watu, halafu unatoka nje unaniambia mimi nivunje wangu."

"Kujitoa kwa notisi si kuvunja."

"Haya, mheshimiwa." Sauti yake ilikuwa imelegea. "Nitaandika kesho, kabla ofisi hazijafungwa kwa Idi. Watanuna. Acha wanune. Nyumba yako ina nafasi?"

"Ina chumba. Na kitanda nimekutengenezea mwenyewe. Kinapanda kichwa na miguu, kwa rimoti."

"Baba... ni kitanda cha hospitali?"

"Mota zote nzima."

"Mimi nashinda saa kumi na mbili nageuza watu kwenye vitanda hivyo, halafu nije Australia nilale juu ya kimoja?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Jumamosi nne, na hakuwa amelifikiria. "Nitanunua kingine," alisema.

"Usinunue kitu. Nitumie picha kwanza, nikione."

Alipokata simu, mlango wa ukumbi ulifunguliwa na Waceke akatoka amebeba hamri moja kwenye karatasi ya kupangusia. Alimpa. Alisema kura zilikuwa kumi na sita kwa kumi, upande wa Stambuli, na kwamba Owuor anadai zirudiwe kwa sababu watu wamepiga kwa machozi. Kisha akamwangalia usoni, simu ikiwa bado mkononi mwake.

"Vipi, Mzee? Hali?"

Stambuli alimega hamri, akatafuna, akameza.

"Kesho anaandika barua," alisema. "Septemba anakuja."

Waceke alingoja kidogo, kwa mazoea, asikie na Sudani. Stambuli hakuongeza kitu. Alimaliza hamri, akakunja ile karatasi, akasema lazima awahi nyumbani kabla jua halijatoka chumba cha pili, maana kuna picha anataka kupiga.